Gesi kwenye IST yangu, na yule fundi aliyenijibu ovyo

Sina ugomvi na gesi asilia, ile ya kuendeshea gari badala ya petroli. Ugomvi wangu ni na gereji iliyonifungia mtungi wake kwenye gari, na hadi leo nikiikumbuka kifua kinapanda.

Naendesha Toyota IST, teksi ya mtandaoni hapa Dar. Mtungi nilifunga mwaka jana hivi, kwa akiba ya miezi mingi. Hata mwezi haujaisha, napandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara, abiria wanne, kiyoyozi kinapiga, gari ikaanza kumisi. Inashtuka, inakata nguvu, nyuma honi haziishi. Nikabonyeza swichi irudi petroli, ikatulia, ikapanda. Mama mmoja nyuma akaniuliza, "Baba, tutafika kweli?" Aibu niliyoipata!

Nikarudi gereji. Fundi hata boneti hakufungua. Macho kwenye simu, ananiambia, "Mzee, gari yako ndiyo mbovu, sisi tunafunga gesi tu." Milioni na ushee yangu umeshaipokea, halafu unanijibu hivyo? Nikaomba angalau waikague, wakasema nije wiki ijayo. Nilitoka pale nimeapa kung'oa kila kitu.

Aliyenituliza ni fundi wangu wa siku zote, Tabata. Akanieleza kwamba gesi inataka cheche kali kuliko petroli: plagi iliyochoka petroli inaivumilia, gesi inakuumbua. Akabadilisha plagi zote nne na koili moja, ile inayoipa plagi umeme, kumisi kukaisha. Nusu saa tu! Kitu cha kukagua kabla hata mtungi haujaingia kwenye buti, na wale hawakunigusia.

Mlimani nguvu bado inapungua kidogo, siwezi kuwadanganya. Gesi ikiingia kwenye injini inakalia nafasi ya hewa, kwa hiyo moto unakuwa mdogo kuliko wa petroli. Tambarare hutambui. Ila kilo moja inanipeleka kama lita moja na nusu ya petroli, na bei ya kilo iko chini ya bei ya lita. Ada za wanangu zinatoka hapo. Buti limeliwa na mtungi, abiria wa uwanja wa ndege wenye masanduku nawaacha, na foleni za kujaza zinachosha mno.

Nilikaa kuandika kwamba msifunge. Nimeshindwa. Fungeni, lakini plagi na koili zikaguliwe kwanza, mbele ya macho yenu. Ile gereji mimi sirudi, hata wanifungie bure.