Somo la picha Bagamoyo: elfu 50, watu saba, kanga moja

Mwezi wa nne nilinunua kamera ya mtumba Kariakoo, Canon 1300D na lenzi yake ya 18-55. Tangu hapo kila picha niliyopiga ufukweni ilitoka vilevile: mchanga rangi ya majivu, wanangu nyuso nyeusi kama wametoka kuchoma mkaa. Nilipoona tangazo la somo la nusu siku Bagamoyo kwa shilingi elfu 50, nikalipa bila maswali mengi.

Ningeuliza. Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu akatokea saa mbili kasoro. Bagamoyo jua linachomoza baharini, na ule mwanga laini wa mapema ndio tuliofuata. Tulipoanza, jua lilishatukazia macho, ngalawa zote zimekuwa vivuli. "Jioni mrudi wenyewe, jua litakuwa mgongoni kwenu," akasema. Kweli kabisa, ila mimi nilikuwa na basi la kuwahi.

Kufundisha, lakini, anajua. Kwanza alitutoa kwenye otomatiki. "Mama, kamera haijui kama mchanga ni mweupe. Yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga." Akasogeza kipimo cha mwanga mpaka +1, nikapiga tena palepale. Mchanga ukawa mchanga. Baadaye kwenye magofu ya Kaole aliturudisha sifuri: mawe ya matumbawe ya ule msikiti wa karne ya 13 yenyewe ni ya kijivu, kamera haina pa kukosea.

Kisha akaleta hesabu ya wazee wa filamu: jua kali, tundu la lenzi f/16, wepesi wa kunasa mwanga ISO 100, shata 1/100 ya sekunde. Ukifungua lenzi mpaka f/8, shata ipande 1/400. Ila kwenye mchanga mweupe, akasema, punguza mwanga hatua moja, yaani nusu: ukiwa f/16, shata iwe 1/200. Hapo nikamsimamisha. Si sasa hivi umetuambia tuongeze? Akacheka. Ile +1 ni kuisahihisha kamera iliyokosea. Hesabu hii haiiulizi kamera kitu, inaangalia jua tu, na mchanga mweupe unaurudisha mwanga huo, unakuwa mwingi zaidi. Kwa jibu hilo peke yake nilimsamehe nusu ya uchelewaji.

Kioo cha kamera juani hakisomeki, kwa hiyo alikuja na kanga. Unajifunika gubigubi, wewe na kamera yako, unatazama histogramu, ile chati ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: vilima vikijibana ukuta wa kulia, picha imeungua. Kanzu ya kijana mmoja ilikuwa inawaka na kuzima kwenye kioo changu, nyeupe, nyeusi, nyeupe, onyo kwamba hapo mwanga umezidi. Nikashusha kipimo kidogo, mikunjo ya kitambaa ikarudi.

Sokoni kwa wakaanga samaki hatukukaa. Mwalimu aliomba ruhusa vizuri, wengine wakakubali, wengine wakageuza migongo, tukaheshimu. Chini ya bati tulipanda ISO 800, moshi ukatoka mzuri kuliko samaki.

Nyuso za wanangu? Hakugusia kabisa namna ya kumpiga picha mtu aliyelipa jua mgongo. Nilimuuliza tukiwa tunaagana, akanijibu amesimama mlangoni mwa daladala: pima mwanga usoni, anga iache iungue.

Nyota tatu na nusu. Ukienda, beba kanga yako. Ile moja tuliigombania watu saba.