Mwani wa chupa kwa chaza: wingi wa seli hauelezi lishe

Bidhaa ninayoitathmini ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokolezwa na kutiwa kwenye chupa seli zake zikiwa zimekwisha kufa, ambao huuzwa kwa walezi wa vifaranga vya chaza na kome badala ya mwani hai. Kwa urahisi wa matumizi sina malalamiko: hukaa kwenye jokofu, huchanganyika upesi na maji ya chumvi, na humpunguzia mfugaji kazi ya kutunza matangi ya mwani.

Kasoro iko kwenye lebo, inayojivunia idadi ya seli kwa kila mililita huku ikinyamaza kuhusu kilichomo ndani yake. Aina iliyotumika ni Nannochloropsis, yenye kipenyo cha mikromita 2 hadi 4 hivi, ilhali matamvua ya chaza hunasa vizuri zaidi chembe zinazozidi hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa hupita na maji, na hata zile zinazonaswa zina ukuta mgumu usiomeng'enyeka kwa urahisi. Ina EPA ya kutosha, ambayo ni asidi ya mafuta ya omega-3, lakini DHA, ya jamii hiyohiyo, karibu haina kabisa, na chaza hawezi kujitengenezea asidi hiyo ya mafuta kwa kiasi cha kumtosha.

Jambo zito zaidi ni nitrojeni, ambayo ni kijenzi cha protini. Mwani ukikuzwa mpaka nitrojeni ya majini ikaisha, hujaa wanga au mafuta na kupungukiwa protini, lakini mwili wa chaza haufuati mabadiliko hayo, kwani hushikilia uwiano wake wa kaboni na nitrojeni karibu uleule. Akilishwa chakula cha namna hiyo huibana nitrojeni aliyonayo, akatoa kidogo amonia, yaani taka yake yenye nitrojeni, na kaboni iliyozidi akaiondoa kwa pumzi na kinyesi. Ndiyo maana amonia ndogo tangini, ambayo wafugaji wengi huifurahia, yaweza kuwa dalili ya njaa ya protini.

Ushauri wa lebo kwamba kipimo kiongezwe ukuaji ukidorora siukubali, kwa kuwa chembe zikizidi chaza huzikataa kabla ya kuzimeza, huzifunga kwa uteute na kuzitupa chini, ambako huoza.

Ningeitumia kama nyongeza tu kwa chaza wakubwa, pamoja na aina nyingine za mwani mdogo, Isochrysis kwa ajili ya DHA na Chaetoceros kuongezea EPA. Lava, yaani chaza wachanga wanaoelea majini, nisingewalisha hii peke yake. Mtengenezaji akianza kuandika kiwango cha protini kwa uzani mkavu, nitaipima upya.