Transformers: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za kuchezea za kampuni ya Kijapani ya Takara, zile zinazogeuka gari au kitu kingine, ikazipa jina la Transformers. Tangu hapo zimetoka nyingi mno. Optimus Prime, kiongozi wao anayegeuka lori, peke yake anaweza kukujazia kabati. Ukinunua kwa kufuata jina la mhusika au filamu mpya, unaweza kurudi na boksi la kupendeza na roboti isiyoweza kusimama. Tazama kwanza daraja la ukubwa lililoandikwa kwenye boksi.

Ya kwanza: Voyager. Urefu wake ni kama sm 18, na sioni pengine pesa yako inapokaa vizuri zaidi. Ina nafasi ya kuwekewa viwiko na magoti ya maana, na kuigeuza hakukuchoshi. Mfululizo wa Studio Series, ulioanza 2018 kwa wahusika wa filamu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Unapomgeuza Optimus kuwa lori, paneli zina vijino vinavyoingia kwenye vitundu vyake, na kila kimoja unakisikia: tak. Kikigoma, usikandamize. Mara nyingi kuna mkono au mguu ndani ambao haujalala sawasawa, na ukilazimisha, bawaba inaanza kuota mstari mweupe. Huo ndio mwanzo wa ufa.

Ya pili: Deluxe, sm 14 hivi. Bei yake ni ya chini, wahusika ni wengi, na akina Bumblebee wanapendeza kwa ukubwa huu. Kasoro ni kwamba baadhi hubeba furushi la paneli mgongoni, zikaanguka chali. Tafuta picha ya mgongo kabla ya kulipa.

Hizo mbili huandikwa miaka 8 na kuendelea, na maandishi hayo si urembo. Mpe mtoto wa miaka minne Voyager, na wewe ndiye utakayekuwa ukiigeuza kila jioni. Kwake ya tatu ni Rescue Bots, zilizotengenezwa kwa watoto wa kuanzia miaka 3: nene, na hugeuka kwa mkupuo mmoja au miwili.

Ya nne: Masterpiece, mfululizo wa wakusanyaji ulioanza 2003. Ni kazi ya ustadi kweli, bei yake inauma, na wengi wanaoinunua huiweka rafuni wasiiguse tena. Ni ya mtu mzima.

Mkiani: Leader na Titan, madaraja yaliyo juu ya Voyager. Baadhi ya Leader ni mwili wa Voyager uliorundikiwa silaha. Titan, kama Metroplex wa 2013 mwenye urefu wa sm 60 hivi, inakula nafasi ya televisheni.

Mitumba ya zamani ina mitego yake. Baadhi ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina plastiki ya rangi ya dhahabu inayomeguka kama biskuti hata kama haijawahi kutoka boksini. Naye Megatron, adui wa Optimus, yule wa 1984, hugeuka bastola inayofanana na Walther P38 halisi; usimpeleke uwanja wa ndege.

Kama ni michezo ya video unayotaka, chukua Fall of Cybertron ya 2012 au Devastation ya 2015. Zote mbili ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, kwa hiyo tafuta diski iliyotumika, na uhakikishe ni ya mashine uliyo nayo.