Sherifu, mnyororo na nyundo: tathmini ya sheria za vibete katika Dwarf Fortress

Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuongoza ngome ya vibete, inajulikana kwa ugumu wa kuianza na kwa ngome zinazozama baada ya mchimbaji mmoja kutoboa mto. Mfumo wake wa sheria huzungumzwa kidogo, nao ndio unaopimwa hapa. Kuna michezo mingi yenye vibete wenye ndevu, shoka na hasira za mababu, lakini hasira hizo kwa kawaida ni maneno ya mapambo tu. Hapa kinyongo kinaandikwa, kinakumbukwa, kinazaa kosa, na kosa linaletwa mbele yako ulihukumu.

Mchezo umetengenezwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, kwa jina la Bay 12 Games. Ulitoka mara ya kwanza Agosti 2006, bure. Toleo lenye picha lilitolewa na Kitfox Games kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, tarehe 6 Desemba 2022, kwa bei ya dola 29.99. Lile la bure, linalotumia herufi na alama badala ya picha, bado linapatikana kwenye tovuti ya watengenezaji, na sheria zake ni zilezile. Anayetaka kuonja kwanza aanze na hilo. Lugha ni Kiingereza, na maandishi ni mengi. Kompyuta haihitaji kadi ya picha ya bei mbaya. Kinachoelemewa ni prosesa, kwa sababu kila kibete anahesabiwa njaa yake, hisia zake na mahusiano yake kwa kila hatua.

Hayo mahusiano ndiyo mwanzo wa sheria yote. Unaanza na vibete saba, kisha wahamiaji wanaingia. Wasipokuwa na kazi wanakutana ukumbini na kuzungumza. Tabia zikigongana, mmoja akithamini familia na mwingine akiidharau, urafiki hauoti. Kinachoota ni kinyongo, na utakiona ukifungua ukurasa wa mahusiano ya kibete husika. Kinyongo chenyewe si kosa. Ila kila wakikutana wanagombana, kila ugomvi unaacha kumbukumbu, na kumbukumbu mbaya inaweza kurudi miaka baadaye ikabadilisha hata tabia ya mtu. Kibete aliyejaa msongo hulipuka: anavunja samani, anampiga aliye karibu. Hapo ndipo sheria inapoingia, na mashtaka ya kwanza ya ngome nyingi huwa ni uharibifu wa mali au shambulio.

Sehemu hii imetengenezwa vizuri mno. Watengenezaji hawakuandika hadithi ya nani amchukie nani. Wameweka sababu na kuacha chuki iote yenyewe. Toleo la Januari 2020 liliongeza waovu wanaopanga njama kutoka nje ya ngome, na miongoni mwa mbinu zao za kuwanasa watu wako, pamoja na rushwa, vitisho na kusifia, ipo ya kumwahidi kibete kisasi dhidi ya anayemchukia. Ugomvi mdogo wa ukumbini, ulioupuuza kwa sababu haukuvunja hata kiti, unakuwa mlango wa jasusi.

Kuijenga mahakama kunataka mpangilio. Kwanza teua sherifu katika ukurasa wa vyeo. Atadai ofisi, chumba cha kulala na mahali pa kulia, vyote vya hali ya chini, na usipompa anakosa raha. Ngome isiyo na sherifu haina adhabu: makosa yanaorodheshwa tu, na walioonewa wanakasirika kwamba mhalifu hakuadhibiwa ipasavyo. Wakazi wakifika 50, mambo mawili yanabadilika. Meya anachaguliwa, na cheo cha sherifu kinatoa nafasi kwa kapteni wa walinzi, mwenye kikosi chake cha watu kumi.

Pili, gereza, na lijengwe kabla ya kosa la kwanza. Unahitaji minyororo au vizimba, kisha unachora eneo la gereza juu yake. Mnyororo wa chuma hufuliwa na mhunzi. Kamba ya nguo hutengenezwa na fundi nguo na inafanya kazi ileile, hivyo ngome changa isiyo na chuma haina kisingizio. Kizimba cha mbao kinahitaji gogo moja tu kwa seremala. Hata hivyo mnyororo ni bora kuliko kizimba. Mfungwa wa mnyororo anaweza kusogea mraba mmoja kila upande, kwa hiyo ukiacha nafasi ya miraba mitatu kwa mitatu, ukaweka kitanda upande mmoja na ghala dogo la chakula na vinywaji upande wa pili, anajihudumia mwenyewe. Aliye kizimbani anategemea wenzake wamletee chakula na kinywaji, na ngome ikiwa katikati ya vita au karamu, anasahaulika.

Idadi inayotosha ni mnyororo mmoja kwa kila wakazi kumi. Usipunguze, kwa sababu nafasi zikikosekana adhabu haifutwi: kifungo kinageuzwa kuwa kipigo. Wachezaji wengi hulipia kosa hili bila kujua. Wanaona seremala wao bora amekufa, wanamtafuta adui, kumbe aliuawa na kapteni wa walinzi kwa ngumi, kwa sababu mnyororo mmoja ulikosekana. Nguvu ya kipigo ni nguvu ya anayepiga. Kumpa ukapteni askari hodari kuliko wote kunaonekana jambo la heshima, lakini ni kumpa mwuaji mamlaka ya kupiga. Mpe kibete dhaifu asiye na ujuzi wa vita, na usimpe silaha.

Gereza linaweza pia kuponya, na si wengi wanaolitumia hivyo. Chonga kuta zake, weka samani za ubora wa juu, tumia mnyororo wa dhahabu kama unao. Vibete huthamini ufundi kuliko karibu kila kitu, na mfungwa anayekaa akitazama kazi nzuri hupata faraja halisi inayoonekana kwenye orodha ya mawazo yake. Aliyeingia amejaa hasira anaweza kutoka ametulia.

Kisha kuna mpiga nyundo, cheo kinachokuja baadaye ngome ikishapata watu wa daraja la juu. Hukumu nzito huhesabiwa kwa mapigo ya nyundo, na mapigo machache tu ya nyundo ya vita huvunja mifupa na kuua. Hapa fizikia ya mchezo ndiyo sheria yenyewe. Kila madini yana uzito wake: fedha ni kilo 10,490 kwa mita ya ujazo, chuma 7,850, shaba 8,930. Wanaodhani kwamba nyundo ya shaba ni adhabu nyepesi wanakosea. Shaba ni nzito kuliko chuma, na uzito ndio unaoumiza. Adamantini, madini adimu ya kilindini ambayo kwa shoka au upanga hayana mpinzani, ina kilo 200 tu. Nyundo yake ina uzito wa karibu sehemu moja ya hamsini ya nyundo ya fedha, na aliyehukumiwa anapigwa na kitu chepesi kuliko rungu la mbao. Mwingize mpiga nyundo kwenye kikosi, mpe sare inayotaja nyundo hiyo hasa, na hakikisha ameishika kabla hujatoa hukumu yoyote. Kutumia madini ya thamani kuliko yote ili kuokoa mbavu za mchonga mawe ni matumizi mazuri kabisa.

Hukumu hizo mara nyingi hazitokani na uhalifu. Meya na mabaroni hutoa amri: tengeneza vitu fulani vitatu, au marufuku kuuza vitu fulani nje. Amri ya kutengeneza isipotimizwa, anayeadhibiwa si wewe wala si aliyeitoa. Mchezo unamchagua fundi wa kazi inayohusika na kumfunga, hata kama ngome haina malighafi. Meya anayependa vioo katika ngome isiyo na mchanga atafunga mafundi wako kila msimu. Na ukimkingia fundi kifua asiadhibiwe, mkubwa huyo anakasirika kwamba amri yake imevunjwa bure. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mfumo mzima. Hakuna rufaa, hakuna kuuliza kama amri iliwezekana, na hakuna fidia: aliyeibiwa hapati chake, aliyepigwa hapati kitu, anapata tu kuona mwingine akiumia. Kwa jamii inayodai kusimama juu ya heshima, kukosekana kwa fidia ni pengo kubwa, na ni jambo la kwanza ambalo toleo lijalo lingepaswa kurekebisha.

Kinga ipo, lakini inafanywa mapema. Kabla ya kumpandisha mtu ubaroni, soma vitu anavyovipenda, kwa sababu amri zake zitatoka humo. Anayependa vitu mnavyovitengeneza kila siku, kama vitanda au vikombe vya mawe, anafaa kuliko shujaa anayependa vitu vya malighafi msiyonayo. Meya huchaguliwa na vibete wenyewe, kwa hiyo kwake jitahidi tu kuwa na akiba ya anachokipenda. Biashara nayo ina mtego wake: kabla msafara haujafunga mizigo, angalia orodha ya vilivyopigwa marufuku, maana kikombe kimoja ndani ya sanduku la mia kinatosha kufungua mashtaka.

Upande wa ushahidi ndio wenye utajiri. Maiti ikikutwa imekauka damu, mashtaka ya mauaji yanafunguliwa bila mshtakiwa, na mashahidi wakiwepo majina yanatajwa. Unaweza kumtia hatiani yeyote kwenye orodha ya wakazi, na mchezo hautakuzuia ukimhukumu asiye na kosa. Shahidi si lazima awe mkweli. Muuaji wa namna hii ni mnyonya damu anayejificha kati ya wakazi, na mwenyewe anaweza kumsingizia jirani. Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha hukumu kwa sababu tu jina limetajwa. Fungua historia ya mtajwa. Mnyonya damu hali, hanywi pombe na halali, jambo la ajabu kwa kibete. Mara nyingi amepitia makundi na makazi mengi kuliko umri anaodai. Mfuatilie msimu mmoja: kitanda chake hakiguswi, na katika mawazo yake hakuna chakula wala kinywaji. Huo ni ushahidi. Hata ukimpata, adhabu ikiisha anarudi mitaani na kuanza upya, kwa hiyo wachezaji wazoefu humjengea chumba cha ukuta mzima na kumpa kazi ya kutunza hesabu. Hahitaji chakula, na hesabu zinakwenda sawa miaka mia.

Kuhoji watu kuliongezwa katika toleo lile la 2020, na kunategemea ujuzi wa ofisa: kutisha, kushawishi, kusoma nia ya mtu. Kapteni dhaifu wa misuli lakini mzuri wa maneno ndiye anayefaa kuliko wote, kwani anatatua tatizo la kipigo na la mahojiano kwa pamoja. Mahojiano yakifaulu, majina ya waliohusika yanaingia kwenye ukurasa wa upelelezi, na unaweza kumhoji kila anayefuata mpaka ufike kwa aliyewatuma. Ukimhoji kila mgeni wa baa bila sababu utapoteza muda wa ofisa, na kesi halisi zitarundikana.

Je, inastahili dola 29.99? Kwa anayependa michezo ya kujenga na haogopi kusoma, ndiyo, na sehemu ya sheria peke yake inabeba bei hiyo. Kwa anayetaka mahakama yenye mabishano, mawakili na hotuba, hapana. Hapa unasoma kumbukumbu, unajenga gereza na unachagua nani aumie. Kasoro ya skrini ya haki ni kwamba haielezi kwa nini fundi fulani amechaguliwa abebe lawama ya amri, na mchezaji mpya atadhani ni hitilafu ya programu.

Asiyeridhika na maadili yaliyowekwa anaweza kuyabadilisha mwenyewe. Mchezo una faili la maandishi linaloorodhesha makosa ya kila taifa na uzito wake. Kwa vibete, uhaini na utumwa ni makosa ya kifo, wizi ni kosa zito, na kukata mti si kosa hata kidogo. Kwa waelfi, taifa jingine la mchezo, kuua mmea ni jambo lisilofikirika, ndiyo maana ukimpa mfanyabiashara wao kitu cha mbao anaudhika na biashara inavunjika. Tofauti za orodha hizi ndizo zinazochochea vita vingi wakati dunia inaundwa. Nakili faili la asili kwanza, badilisha kosa moja moja ili ujue kipi kimeleta nini, kisha unda dunia mpya. Dunia ya zamani itaendelea na sheria ilizozaliwa nazo.