TAHADHARI: Anauza picha za Tingatinga "za zamani" ambazo hata rangi haijakauka

Ndugu zangu, hasa mlio nje mnaoagiza picha za nyumbani, na nyinyi wa Dar mnaotafuta zawadi ya mzazi, naomba msome mpaka mwisho. Nimetapeliwa shilingi 1,850,000, na aliyenitapeli bado yuko kazini. Jana usiku ameweka picha nyingine sita kwenye ukurasa wake.

Mzee wetu alitimiza miaka 75 mwezi wa sita. Kwao ni Tunduru, upande wa Nakapanya, huko huko alikozaliwa mwaka 1932 Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu wenye jina lake. Nyumbani kwetu hilo ni jambo la fahari, tumekua tukilisikia. Basi sisi watoto wanne, mmoja yuko Muscat, tukaamua kuchanga tumnunulie picha ya kijijini, nzuri, ya kutundika sebuleni mbele ya kiti chake.

Nikaingia Instagram kutafuta. Huyu bwana akanifuata mwenyewe baada ya kuona nimeuliza bei kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Anaongea kwa heshima sana, "dada yangu" kila sentensi. Akaniuliza picha ni ya nani na kwao wapi. Mimi bila kuwaza nikamwambia kila kitu: Mzee, Tunduru, miaka 75. Kesho yake asubuhi akaniletea picha ya "kijiji cha Nakapanya alichokichora Tingatinga mwenyewe kwa kumbukumbu ya kwao". Alisema imetoka kwa mjane wa mzungu aliyekuwa akiishi Oysterbay, familia inahama, kuna Mjerumani ameshatoa milioni tatu lakini yeye angependa ibaki kwa Mtanzania. Nilisikia machozi yananilenga. Nikatuma 800,000 kwa simu kama kishika uchumba, iliyobaki nikampa dereva wa boda aliyeileta.

Kwenye picha kuna nyumba za msonge, wanawake watatu wanatwanga, mbuyu, kuku, watoto wanachota maji, na nyuma kabisa Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Nilimuuliza mlima umefikaje Tunduru. Akasema wasanii wa zamani walichanganya. Nikakubali, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimeshaliona.

Siku ya shughuli Mzee aliishika picha mapajani muda mrefu, akaigeuza. Nyuma imeandikwa "E.S. Tingatinga, D'Salaam 1974". Akaniambia taratibu, "Mwanangu, mwaka huo huyu alikuwa ameshazikwa." Ni kweli. Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka minne hivi. Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, habari ile anaikumbuka.

Baada ya wageni kuondoka niliikagua chini ya taa. Kitambaa cha nyuma kina rangi ya kahawia kama kitu kilichokaa miaka, lakini nilipofunua pembe iliyokunjwa chini ya mbao, ndani ni amerikani jeupe pee. Kimelowekwa kwenye chai ya rangi, na harufu ya majani ya chai bado ipo. Nikabonyeza kidole gumba kwenye majani ya mbuyu, palipopakwa rangi nene, alama ya kidole ikabaki. Rangi mbichi! Na ile sahihi ya mbele imeandikwa kwa mkono mwingine kabisa, juu ya nyasi zilizokwisha kukauka.

Jumatatu nikaibeba mpaka Morogoro Stores, Oysterbay, pale walipo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga. Nilitaka tu mtu anayejua anithibitishie. Nikakutana na kijana mmoja, nikamfunulia, akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, hii nimeichora mimi." Akatoa simu yake akanionyesha: picha ile ile imeegemezwa ukutani, mbuyu haujamalizika, tarehe ni wiki tatu kabla ya mimi kuinunua. Alilipwa shilingi 90,000. Aliambiwa asiandike jina kwa sababu "mteja ni hoteli, hawataki majina ukutani". Ameshamchorea huyo bwana picha kumi na moja za namna hiyo. Hakujua zinakwenda wapi.

Siku tatu zinazohitajika kuchora kijiji kizima, kila unyoya wa kuku na kila jani, zimemlipa 90,000, halafu jina lake likafutwa na likaandikwa la marehemu. Mimi nimeibiwa fedha. Yule kijana ameibiwa hata kazi ya mkono wake.

Sasa niwaambie nilichojifunza pale, ili asiwapate. Tingatinga mwenyewe alichorea hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu, mara nyingi mraba wa kama futi mbili kila upande, kwa rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli. Kwa kawaida utakuta mnyama au ndege amejaa ubao mzima, nyuma yake rangi tupu. Picha za kijiji kizima, zenye watu wengi na shughuli nyingi, zilishamiri kwa waliomfuata. Mohamed Charinda kwa mfano alijulikana sana kwa visa na maisha ya vijijini. Kitambaa nacho kilishika kasi baadaye, maana mtalii anakikunja anaweka kwenye sanduku. Kwa hiyo mtu akikuletea mandhari ya kijiji, kwenye kitambaa, yenye jina la E.S. Tingatinga, usitoe hata mia mpaka aliyebobea aishike kwa mikono. Za kwake halisi ni chache na zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa fedha nyingi. Hazizungushwi na boda.

Tena ukitaka picha ya kijiji, huna haja ya ya marehemu. Nenda kwa mchoraji aliye hai, muulize jina, mwambie aliandike mbele yako. Mlio mbali, ombeni video fupi ya mchoraji mwenyewe akiwa na picha mkononi, siyo ya muuzaji. Huyu wangu nilimwomba video, akasema mjane hapendi kupigwa picha.

Nimefungua jalada polisi na nina RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa. Namba zake mbili za simu nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu Tanzania. Nilipiga pia kwa mtandao wa simu wakajaribu kuzuia muamala, lakini alikuwa ameshatoa fedha dakika kumi baada ya kupokea. Kama na wewe ukitapeliwa, piga saa hiyo hiyo, usisubiri akujibu, maana mimi nilipoteza siku nzima nikimwandikia ujumbe wa kumbembeleza. Alijibu mara moja tu: "Sanaa haina risiti dada."

Jina lake siliweki hapa kwa sababu shauri liko polisi, na ukurasa ameshaubadilisha jina mara mbili. Mtamtambua kwa mtindo. Anakuuliza kwanza kwenu ni wapi, halafu siku moja au mbili baadaye anapata picha ya kwenu. Dada mmoja ameniandikia kuwa aliuziwa "kijiji cha Kilwa", nyumba za msonge zile zile, mbuyu ule ule, na Kilimanjaro nyuma. Kaka mwingine wa Mombasa aliambiwa ni Taita.

Kama umeuziwa picha ya namna hii, nitumie picha yake mbele na nyuma, pamoja na ujumbe mliotumiana. Tukiwa wengi jalada linapata uzito, na yule kijana amekubali kutoa maelezo kwa kila atakayoitambua kuwa ni kazi yake.

Picha yetu kwa sasa iko kituoni kama kielelezo. Mzee ameshasema ikirudi itatundikwa pale pale mbele ya kiti chake, ila kijana aje kwanza afute lile jina, aandike la kwake.