Rotten Tomatoes au Metacritic: namba ipi ya kuamini?

Filamu mpya ikitoka, wabishi hurushiana namba bila kuuliza zimepatikanaje. Rotten Tomatoes, tovuti ya kukusanya maoni ya wahakiki iliyoanza 1998, huhesabu kura tu: mhakiki kaipenda au hakuipenda. Wahakiki kumi wakitoa 6 kwa 10 kila mmoja, na wote wakahesabiwa kuwa wameipenda, filamu itasomeka 100%, ingawa hakuna aliyeisifia sana. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, huzigeuza alama hizohizo ziwe kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kisha hutafuta wastani. Hapo filamu ileile hupata kama 60, rangi ya njano. Kijani, yaani filamu iliyosifiwa, huanzia 61.

Metacritic nayo ina lake. Baadhi ya magazeti hupewa uzito kuliko mengine, na viwango vya uzito huo havitangazwi. Uhakiki usio na alama hukadiriwa na wahariri wake. Na wahakiki wakiwa wachache, mmoja mkali huiporomosha alama yote.

Kwa albamu, nenda Metacritic. Rotten Tomatoes haigusi muziki. Kwa sinema ya kutazama na watoto Jumamosi, asilimia inatosha. Filamu inayogombanisha watu, angalia wastani, halafu soma uhakiki wa alama ya juu kabisa na wa chini kabisa.