Unga wa oti: wa pakiti au wa kusaga nyumbani? Nimepika pankeki kwa wote wawili

Nianze na jibu. Kama unataka kupika pankeki za oti nyumbani, achana na unga wa pakiti. Nunua oti bapa, zile za uji, uzisage mwenyewe kwenye blenda. Nasema hivyo baada ya kupika kwa unga wa aina zote mbili jikoni kwangu hapa Arua, Uganda, kwa sigiri ileile na kikaango kilekile, na walaji walewale ambao hawafichi wanachokiona.

Kilichonipeleka kwenye oti ni mama yangu mzazi. Ana sukari, na hospitalini walimwambia apunguze ngano nyeupe na vitu vya kukaanga kwenye mafuta mengi. Maana yake chapati ya asubuhi ipungue, mandazi yapungue, na kabalagala, ambayo kwetu ndiyo pankeki hasa, ya unga wa muhogo na ndizi mbivu, nayo ikae mbali kwa sababu inazama kwenye mafuta. Mama alikubali yote bila maneno, lakini asubuhi akawa anakunywa chai tupu. Mimi sikuweza kulitazama hilo.

Oti hapa Arua zinapatikana. Nadhani tumesaidiwa na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi wa makazi ya Rhino Camp na Imvepi. Maduka makubwa ya mjini yameanza kuweka vitu ambavyo zamani ungeagiza Kampala. Nilikuta rafu moja ina oti bapa, pembeni yake unga wa oti uliokwisha kusagwa. Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, chukua huu unga, umekurahisishia kazi." Nikachukua. Nusu kilo nililipa shilingi 18,000, wakati oti bapa za uzito huohuo zilikuwa 10,000.

Sitataja chapa, kwa sababu sijui kosa lilikuwa la msagaji, msafirishaji au duka. Nitasema nilichokikuta. Pakiti ilikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, bado mbali, lakini haikuwa na tarehe ya kusagwa. Nilipoifungua, harufu iliyotoka ilikuwa ya mafuta ya kupikia yaliyosahaulika kabatini. Nikaonja unga kidogo kwa ncha ya ulimi: mwanzo utamu mdogo, halafu uchungu unaobaki nyuma ya koo. Pankeki zake zilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya dhahabu, ila uchungu ule ulipenya hata kwenye ndizi na mdalasini. Mama alimaliza ya kwanza kwa heshima yangu. Ya pili aliiacha.

Jambo lenyewe lina sababu, na ukiielewa hutahangaika tena. Punje ya oti ina mafuta mengi kuliko ngano au mchele. Katika gramu 100 za oti, takriban gramu 7 ni mafuta. Ndani yake pia mna kimeng'enya kinachoyavunja mafuta hayo na kuleta uchungu. Ndiyo maana kiwandani oti hupitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa kuwa bapa, kimeng'enya kife. Lakini hata zikishapitia mvuke, ukizisaga unafungua kila chembe ikutane na hewa, na mafuta yanachacha mapema. Sasa fikiria safari yake. Oti ni zao la nchi za baridi. Kanada na Urusi ni miongoni mwa wakulima wakubwa duniani. Kwetu huku mzigo wa meli unashukia Mombasa, unavuka mpaka wa Malaba, unafika Kampala, kisha unapanda lori la karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach hadi Arua, na mwisho unakaa kwenye rafu yenye joto. Oti bapa zinaistahimili safari hiyo. Unga hauiwezi vizuri. Hata hivyo, ukiuona unga wenye tarehe ya kusagwa ya karibuni na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na duka lenyewe lina ubaridi, labda utapata bahati kuliko mimi.

Kwa hiyo nikarudi kwenye oti bapa. Kusaga ni kazi ya dakika moja au mbili, ilimradi mita ya umeme ina yuniti. Vikombe viwili vya oti, kama gramu 180, vinatosha watu wanne. Usijaze blenda, weka kikombe kimoja kimoja, saga, zima, tikisa chombo ili zilizoko juu zishuke, saga tena. Kagua kwa vidole: chukua unga, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia vipande kama pumba, bado. Chunga kwa chungio la chai, makapi yanayobaki uyarudishe kwenye blenda au uyatie kwenye uji. Unga wa nyumbani una harufu ya njugu mbichi, tamu kidogo, na hapo ndipo utajua pakiti ilikuibia nini. Saga kiasi cha kupika siku hiyo tu.

Rojo langu ni hili: unga huo wa vikombe viwili, mayai mawili, kikombe kimoja cha maziwa, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, mdalasini, na bogoya moja, ile ndizi kubwa ya kuliwa mbivu, iliyoiva sana na kupondwa mpaka iwe laini. Ukikosa bogoya, ndizi sukari tatu zinafaa, tena zina utamu mkali zaidi. Dada anayeniuzia ndizi sokoni ananichagulia mwenyewe: "Mama, beba hizi zilizopiga weusi, hizo nyingine hazijakuwa tayari kwa kazi yako." Yuko sahihi. Ndizi yenye madoa meusi inakuondolea haja ya sukari kabisa.

Baada ya kukoroga, acha rojo litulie dakika kumi. Hapa ndipo wengi wanapokosea na kusema oti hazifai. Unga wa oti unakunywa maji polepole. Ukimimina mara moja, rojo jepesi linatawanyika kikaangoni na pankeki inakatika ukigeuza. Ukingoja, linakuwa zito lenyewe mbele ya macho yako, linashuka kutoka kwenye upawa kwa uvivu, na hapo liko tayari. Likizidi uzito, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Na ujue kwamba oti hazina gluteni ile ya ngano inayovutana na kushika chapati. Kinachoshika hapa ni yai na ndizi. Kwa hiyo usijaribu pankeki kubwa ya kujaza kikaango. Mimina ndogo, za upana wa kisosi cha chai, na uzipe nafasi ya kugeuzwa. Kwa wale ambao ngano inawadhuru kweli, wale wenye ugonjwa wa siliaki, angalieni pakiti iwe imeandikwa kuwa haina gluteni, kwa sababu oti nyingi hulimwa, hubebwa na kusagwa karibu na ngano, na zinachanganyika njiani.

Moto ndio mtihani wa sigiri. Makaa yakiwaka kwa nguvu, pankeki ya oti inaungua chini huku katikati bado ni uji, kwa sababu ndizi ina sukari na inashika rangi haraka. Mimi huacha makaa yakolee mpaka yawe mekundu yote, kisha nayafunika kwa majivu membamba, ndipo naweka kikaango. Napaka samli kidogo kwa kipande cha kitambaa safi, kiasi cha kung'arisha tu. Mimina, funika kwa kifuniko cha sufuria, subiri. Viputo vinatokea juu, vinapasuka na kuacha matundu yasiyojifunga, na pembeni panakuwa pakavu pasipong'aa. Geuza wakati huo. Upande wa pili hauhitaji hata nusu ya muda wa kwanza.

Ladha? Ni nzito kidogo kuliko pankeki ya ngano, laini katikati, na inashibisha kweli. Mimi mbili zinanifikisha mchana. Wanangu wanazipenda, ingawa mkubwa bado anasema kabalagala ni kabalagala, na simbishii, maana kile ni chakula kingine kabisa chenye ukavu wake wa nje ambao oti haiwezi kuutoa. Mtu akikuuzia oti kama mbadala wa kabalagala, usimsikilize.

Kuhusu sukari ya mama, niseme ukweli wote, kwa sababu kuna watu wanaitangaza oti kama dawa. Oti zina ufumwele unaoitwa beta-glukani, unaogeuka ute tumboni na kuchelewesha chakula. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti kuandikwa kwamba gramu 3 za ufumwele huo kwa siku, pamoja na mlo usio na mafuta mabaya mengi, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Hilo ni zuri. Lakini kadiri oti inavyosagwa laini, ndivyo wanga wake unavyoingia haraka kwenye damu, na ndizi mbivu inaongeza. Kwenye kipimo cha kidole cha mama, uji wa oti zisizosagwa unapandisha polepole kuliko pankeki. Kwa hiyo yeye tunampa pankeki mbili tu, bila asali, na bogoya yake ni nusu. Juu tunapaka odi, ya ufuta na karanga, na pembeni yai la kuchemsha. Chai yake haina sukari. Kwa mpango huo namba zake hazijatutisha, na daktari wake anajua anachokula.

Sisi wengine tunaweka asali ya kwetu huku West Nile, ile nyeusi yenye moshi kidogo, na siku ya Jumapili vanila ya kweli. Uganda inalima vanila yake, Mukono na Bundibugyo, kwa nini tununue maji ya chupa yenye harufu ya peremende? Kwangu kijiti kimoja cha vanila kinatosha kutia ladha rojo la mara mbili.

Zikibaki, usizirudishe kwenye mafuta. Pankeki za oti zinakauka zikilala. Asubuhi ziweke kwenye kikaango kikavu, nyunyiza matone machache ya maji pembeni, funika dakika mbili kwenye makaa yanayofifia. Zinarudi laini, na watoto wanaweza kwenda nazo shuleni.